Ufizi kufunga si mfupa kupona
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba mtu aliyepandikizwa jino huwa amepona kabisa baada ya wiki mbili, dai ambalo kwangu mimi, niliyepitia upasuaji huo, ni nusu tu ya ukweli. Kinachofunga katika wiki hizo ni ufizi. Mfupa wa taya, ambao hakuna kioo kitakachokuonyesha, kwa kawaida huhitaji miezi 3 hadi 6 kushikamana na skrubu ya titani (chuma kinachowekwa badala ya mzizi wa jino), njia ambayo mtafiti Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1965. Mimi nilidanganywa na kutoweka kwa maumivu, nikairudia sigara (ujinga wangu mwenyewe), na skrubu ikalegea mwezi wa tatu. Je, yupo aliyepandikizwa upya mahali palepale pa mwanzo, na alisubirishwa muda gani?