Tuanze na choo kilichojaa

Mvua kubwa ikishuka usiku, sisi tunaokaa mabondeni tunajua si wote wanaoamka ili kuinua magodoro. Kuna anayetoka na tochi, anazunguka nyuma ya nyumba na kuzibua bomba lililoachwa makusudi ubavuni mwa shimo la choo. Uchafu unachanganyika na mafuriko, unakwenda zake. Hapa Dar es Salaam tunaita kutapisha choo. Kukikucha, maji yale yameshaingia kisima kifupi cha jirani, na mtoto amechuchumaa mlangoni anasuuza vikombe vya chai kwa ndoo iliyotekwa humo.

Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Vimelea hutoka kwenye kinyesi, hata cha mtu asiyejihisi mgonjwa, vikamfikia mwingine kwa maji au chakula. Huyo anaweza kuharisha maji yanayofanana na yaliyooshea mchele, na asipowahiwa kwa ORS, ile dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na matibabu anaweza kufa siku hiyohiyo. Mlipuko ulioanza jijini hapa Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi ya nchi.

Kila ugonjwa ukiingia, wa kwanza kufukuzwa ni mama lishe na muuza matunda ya kukata. Chakula kisiachwe wazi, hilo sina ubishi nalo, na maji tuchemshe au tutie dawa ya klorini. Ila kinyesi hakikuletwa mtaani na mama lishe.

Anayetapisha choo anatuua, na faini anastahili. Lakini piteni vichochoro vya bonde la Msimbazi mwone. Gari la majitaka haliingii, na mpira wake haufiki nyumba za ndani. Kinachobaki ni vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo na koleo, kisha uchafu unafukiwa hapohapo uani. Au mtu anasubiri mvua, maana mvua haidai hela.

Pampu za mkono zinazopita vichochoroni zipo, na guta la kubeba mapipa lipo. Kinachokosekana ni bei ambayo mwenye choo ataimudu na mahali pa karibu pa kumwaga kwa usalama. Hapo ndipo halmashauri iweke fedha, na iziweke Januari, siyo Aprili tukiwa tumeshaanza kulaza watu. Serikali za mitaa zinajua vyoo vilivyojaa ni vipi. Viorodheshwe, vijana wapewe buti na glavu, kazi iishe kabla ya masika.

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita na choo kimoja. Mwenye nyumba alikuwa akitapisha kila mwaka, nasi tulikuwa tunanyamaza tukiogopa notisi ya kuhama. Safari hii tulimkalisha kitako wapangaji wote, tukakubaliana yeye atoe nusu na sisi nusu. Choo kilinyonywa Februari, mchana kweupe, na lile bomba tukalijaza zege.