Ukuta Uliorudisha Salamu

Kanuni ya gofu ni kwamba aliye mbali zaidi na shimo ndiye anayetangulia kupiga. Kwenye kundi letu la watu wanne, hutangulia mimi. Wenzangu wakishapiga draiva, ile fimbo ndefu ya kufungulia shimo, mipira yao hulala huko mbele, nao husimama kwa heshima zote kunisubiri nimalize shughuli zangu huku nyuma. Asiyeujua mchezo huu angedhani mimi ndiye mkubwa wa msafara.

Nikamkumbuka Bryson DeChambeau, yule mchezaji gofu wa Marekani aliyejaza mwili kwa karibu kilo 20, akaanza kupiga draiva za kutisha, na Septemba 2020 akatwaa mashindano makubwa ya US Open kwenye uwanja wa Winged Foot kwa tofauti ya mapigo sita. Nikasema, kumbe siri ni kilo! Nikazitafuta kwa bidii, zikaja mbio, zikapita moja kwa moja hadi tumboni na kupiga kambi. Mpira wangu haukuongeza hata yadi moja. Tena ikawa kuuona pale juu ya tii, kile kijiti cha kuuwekea, ni mpaka nichungulie.

Ndipo nikajipeleka jimu. Kocha alikuwa kijana mpole, mwenye maelezo marefu.

"Mzee wangu, ule mpira haufiki hata gramu 46," akaanza. "Fimbo inaugusa kwa takribani nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muda wa kuusukuma huna. Fimbo inatakiwa ifike pale ikiwa na kasi yake tayari."

Akaniambia kwamba kwa wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kichwa cha draiva hupita kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, na kasi hiyo haizaliwi mikononi. Inaanzia chini: miguu inakandamiza ardhi, nyonga zinatangulia kuzunguka, kiwiliwili kinafuata, mikono na fimbo vinakuja mwisho kabisa. Kwa hiyo nitachuchumaa na chuma mabegani ili miguu ipate nguvu, halafu nitaruka na kurusha mpira mzito ili mwili ujue kuzitoa nguvu hizo kwa haraka. Marudio machache, kwa kasi yote, na kupumzika vizuri katikati.

"Unacheza lini?" akauliza.

"Jumamosi."

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Akanitazama kidogo. "Basi leo tutagusagusa tu."

Hapo simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Mimi yote yaliyofuata namdai aliyepiga simu ile.

Nikabaki peke yangu na chuma. Nikachuchumaa, nikaongeza uzito, nikachuchumaa tena. Niliona raha ya ajabu! Nikahamia kwenye mipira mizito, ambayo kumbe ina makabila mawili. Kuna ule laini wa ngozi, ukigonga ukuta unaanguka palepale na kutulia. Na kuna wa raba, ambao unadunda. Wa ngozi alikuwa nao dada mmoja pale kwenye kona, na mimi sikuona sababu ya kumsumbua. Nikachukua wa raba, wa kilo sita.

Nikasimama ubavu kwa ukuta, nikautoa mpira nyuma ya nyonga, nikazunguka na kuuachia. Jamani, ule mzunguko! Nyonga zilitangulia, mikono ikafuata, kila kitu kilivyoelezwa. Nikafanya kama mchezaji yeyote wa gofu anavyofanya baada ya pigo zuri: nikaganda kwenye pozi, kisigino cha nyuma juu, kidevu juu, macho mbali, nikisubiri kuona mpira utatua wapi.

Ulitua kwangu. Zile kilo za tumboni ndizo zilizoupokea, na nazishukuru, ndiyo kazi pekee niliyowahi kuziona zikifanya. Nilirudi kinyumenyume hadi kwenye mtungi wa maji ya kunywa, tukakumbatiana, tukashuka wote wawili. Kocha alipoingia alinikuta nimekaa dimbwini, na yule dada ameshika mpira wa ngozi akiniuliza, "Kaka, ulikuwa unautaka huu?"

Nilidhani yameisha. Lakini maumivu ya misuli iliyoshtukizwa hayana haraka, hushika kasi siku ya pili au ya tatu. Yangu yalichagua Jumamosi asubuhi.

Nilifika mahali pa kuanzia shimo la kwanza nikitembea kwa magoti yasiyokunjika. Sasa ile tii lazima ichomekwe ardhini, na ardhi ilikuwa chini sana siku hiyo. Nikaisimamisha draiva, nikaishika juu, nikashuka nayo mkono baada ya mkono hadi magoti yakagusa nyasi. Nikachomeka tii, nikaweka mpira. Kuinuka kukagoma. Nikabaki pale nimepiga magoti, nimeinamisha kichwa, nimeshikilia fimbo kwa mikono miwili. Kundi lililokuwa likisubiri nyuma yetu likavua kofia.

"Amina," akasema mmoja wa wenzangu, akaniinua kwa makwapa.

Nikapiga. Nyonga zilikataa kabisa kuzunguka, kwa hiyo mikono ikajitegemea. Mpira uligonga juu ya kichwa cha draiva, ukaacha baka jeupe kwenye rangi, ukapaa wima. Kwa kwenda juu, hakuna aliyenifikia siku ile. Kwa kwenda mbele, haukuvuka alama za kuanzia za wanawake, zilizo hapo mbele kidogo.

Akaja mama wa kundi letu, mwembamba, ana wajukuu, hobi yake ni kuruka kamba. Akazungusha bila haraka, fimbo ikavuma pale chini kwenye mpira, na mpira ukatupita sote.

"Pole, baba," akaniambia tukitembea. "Vyuma umebeba lini?"

"Juzi."

"Mimi navyo navibeba. Ila zikibaki siku mbili nicheze, hata ndoo sibebi."

Tatizo ni kwamba mpira ukishaingia shimoni sharti utolewe. Mashimo ya mwanzo walinitolea kwa huruma. Baadaye wakaanza kunitoza soda kwa kila mpira, na yule mama ndiye aliyekuwa mweka hazina. Shimo la mwisho nilikataa kulipa. Nikatingisha bendera, nikauchokoa mpira kwa fimbo, nikauita kwa jina zuri. Ukabaki mlemle. Jumatatu nikapigiwa simu kutoka klabuni, wanauliza kama mpira wenye herufi zangu ni wangu na nitaufuata lini. Nikawaambia Jumatano, ngazi za nyumbani zikiniruhusu.