Usifyeke Shamba Lote kwa Mara Moja

Mpwa wangu anaishi Chicago, na kwa bahati mbaya yake ameipenda timu ya besiboli ya White Sox. Mechi zao za jioni huanza saa tisa usiku wa huku kwetu Tanga, kwa hiyo nikiamka alfajiri nakuta ujumbe wake umeshaingia. Mwaka 2024 ujumbe ulikuwa karibu ule ule kila siku: "Mjomba, tumefungwa tena." Msimu una mechi 162. Wao walipoteza 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyopoteza mechi nyingi hivyo katika msimu mmoja. Kuna kipindi walifungwa mara 21 mfululizo. Mimi ni mtu wa Coastal Union, timu yetu ya soka ya Tanga, maumivu ya mpira nayajua, lakini hayo yalinitoa jasho.

Nilipomuuliza kwa nini hawasajili watu, alinijibu kwa sauti ya mtu anayemtetea mgonjwa wake: "Tunajenga timu upya kwa vijana, mjomba. Inataka subira."

Subira ninayo. Ila nimefuatilia hiyo habari ya kujenga upya miaka kadhaa sasa, na naona ndani yake kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyaita kwa jina moja: kukuza vijana, na kuwaondoa wakubwa wote kwa mkupuo.

Kwanza tuelewane inavyokwenda. Kila mwaka klabu 30 za ligi kuu hukaa na kuchagua chipukizi kutoka shule na vyuo, kila klabu kwa zamu yake, na kwa miaka mingi zamu ya kwanza alipewa aliyeshika mkia. Kwa hiyo kufungwa kulikuwa na faida. Unauza nyota wako, unachukua vijana wa wenzako, unafungwa miaka mitatu minne, unaokota vipaji vya juu, halafu unangoja wakue. Na jambo kubwa kuliko yote: hakuna kushuka daraja. Ukiwa wa mwisho mwaka huu, mwakani uko pale pale.

Nilipoieleza hii kwenye baraza letu la kahawa pale Ngamiani, mzee mmoja aliweka kikombe chini.

"Hawashuki?"

"Hawashuki, mzee wangu."

"Basi hao ndio wenye Tanga raha, si sisi."

Ana haki ya kusema hivyo. Msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulikuwa na timu tatu ligi kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zikashuka zote tatu, msimu mmoja. Uwanja wetu wa Mkwakwani ukawa kimya kama msiba, na sisi Wagosi wa Kaya, watu wa Coastal, hatukurudi ligi kuu mpaka msimu wa 2018/19. Huku kwetu kiongozi akisema "tufungwe kwanza tujenge," atakuwa anajenga kaburi.

Sasa turudi kwao. Wanaosifu njia hii hutaja Houston Astros. Walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012, 111 mwaka 2013, na mwaka 2017 wakawa mabingwa. Ukiisoma haraka utasema vijana wamelipa. Mimi niliisoma polepole. José Altuve, roho ya timu ile, alisajiliwa kutoka Venezuela kwa dola 15,000 mwaka 2007, kabla ya hilo bomoabomoa. Na kwa msimu wenyewe wa ubingwa waliwaleta watu wazima: Brian McCann wa kudaka, Carlos Beltrán mwenye miaka 40, na dakika za mwisho kabisa za usajili, Agosti 31, wakamchukua mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, Justin Verlander akiwa na miaka 34. Bila Verlander sidhani wangefika fainali. (Kisha ikagundulika kuwa msimu ule walikuwa wakiiba ishara za siri za wapinzani kwa kamera, na kugonga pipa la taka kumtonya mpigaji wao mpira gani unakuja. Wakatozwa faini ya dola milioni 5, kombe wakabaki nalo. Kila mtu analitazama kombe lile anavyotaka, mimi nalitazama kwa jicho moja.)

Na hao chipukizi wenyewe si hundi ya benki. Mwaka 2013 Astros, wenye zamu ya kwanza, walimchagua mrushaji Mark Appel. Hakuwatumikia hata mechi moja ya ligi kuu. Waliomfuata, Chicago Cubs, wakamchukua Kris Bryant, na mwaka 2016 Cubs wakabeba ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Appel aliacha mchezo, akarudi, na alipoigusa ligi kuu alikuwa na miaka 30, kwa jezi ya timu nyingine. Simcheki, nampa heko. Lakini kama klabu yako iliweka mayai yote kwenye kapu lake, umelala njaa.

Hapo ndipo huwa nakumbuka mkonge. Mzee wangu alikuwa mnyapara wa shamba la mkonge upande wa Muheza, na hadithi aliyoipenda ni ya mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza machipukizi 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Yaliyookoka yakapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, yalikuwa 62. Elfu moja, sitini na mbili. Florida hiyo hiyo ndiko nusu ya timu za besiboli huenda kujinoa kabla ya msimu. (White Sox wao huenda Arizona. Labda ndiyo sababu.) Klabu hizo huchagua vijana kama 600 kila mwaka, na kikosi cha ligi kuu kina nafasi 26. Mzee asingehitaji kueleweshwa hesabu hiyo.

Mkonge huanza kitaluni, kama mwaka mmoja, ndipo uhamishiwe shambani. Unakaa miaka kama mitatu hivi kabla hujakata jani la kwanza. Baada ya hapo unaukata mwaka hadi mwaka mpaka siku utakapotoa mlingoti, ule mti mrefu wa maua, na ukishatoa mlingoti umekwisha. Kwa hiyo shamba hugawanywa vipande: kimoja kichanga, kimoja kinakatwa, kimoja kimetoa mlingoti na kinafyekwa kipandwe upya. Ukifyeka vyote siku moja eti unaanza upya, hiyo korona, mashine ya kutoa nyuzi, itakula nini miaka mitatu? Na vibarua waliojua kukata bila kuumiza mmea watakuwa wapi siku mimea itakapokuwa tayari? Wameshaondoka.

White Sox walifyeka vyote. Desemba 2016 walimuuza mrushaji wao bora, Chris Sale, kwa Boston Red Sox, wakapewa vijana wanne. Mwaka 2018 Boston wakawa mabingwa, na aliyerusha mpira wa mwisho wa fainali ni Sale huyo huyo. Vijana wa Chicago nao walikua, tusiwanyime haki yao. Wakaingia mtoano mwaka 2020, wakashika nafasi ya kwanza kwenye kundi lao mwaka 2021, na mara zote mbili wakatolewa kwenye hatua yao ya kwanza ya mtoano. Ile miaka ndiyo ilikuwa ya kuongeza watu wazima wa maana na kupanda kipande kingine nyuma yao. Haikufanyika vya kutosha. Majeruhi yakaja, wengine wakadumaa, mwaka 2023 wakapoteza mechi 101. Ndipo wakaanza tena... kujenga upya! Desemba 2024 wakamuuza mrushaji kijana waliyemkuza wenyewe, Garrett Crochet. Kwa nani? Boston.

Na hata zawadi ya kushika mkia hawakuipata. Ligi ilichoshwa na timu zinazofungwa kwa raha zao, ikaleta bahati nasibu ya kupanga zamu, pamoja na masharti yanayozibana klabu za miji mikubwa. Baada ya mechi 121 walizopoteza, White Sox walichagua wa kumi. Mpwa wangu alinipigia simu siku hiyo, hakuandika.

Sitaki nieleweke kwamba wazee wakae milele. Shamba lisilopandwa nalo hufa, na Tanga tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Nailoni ilichangia, kutaifishwa kulichangia, na kutopanda upya kulichangia sana. Besiboli inayo Philadelphia Phillies: walishinda mechi 102 mwaka 2011 wakiwa na kikosi cha watu wazima waliolipwa vizuri, wakawang'ang'ania, na mwaka 2015 walipoteza 99. Mlingoti umetoka, wao bado wananoa visu.

Coastal tumekuwa kitalu cha watu. Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga mwaka 2020. Abdul Sopu aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, tukatoka 3-3 na kufa kwa penalti, kisha Azam wakamchukua. Kuuza si dhambi, klabu ya Tanga haiwezi kushindana kwa mishahara na Dar. Ninachokipigia kelele ni kuuza leo na kuanza kutafuta mbadala kesho. Tazameni msimu wa 2023/24, tulipomaliza wa nne: nyuma golini alisimama Ley Matampi, Mkongo aliyekwisha kuona mengi, akamaliza akiwa kipa bora wa ligi, na mbele yake beki kijana Lameck Lawi akicheza kwa kujiamini kwa sababu kuna mtu mzima anayempigia kelele mgongoni. Kijana hujifunza hapo, mechini, akisikia sauti ya mkubwa wake. Ukimzungusha na watoto wenzake kumi, atajifunza kufungwa tu.

Kwa hiyo mpwa wangu, kama unasoma: vijana ndiyo, lakini kipande kwa kipande, na kila kipande na mnyapara wake. Klabu inayouza watu wazima wote mara moja, nami naanza kuwaza kuhusu mfuko wa tajiri mwenye timu. Kikosi cha watoto ni nafuu sana kulipa, na ahadi ya "baada ya miaka mitano" haina wa kuidai.

Mwaka 2025 walipoteza 102, akaniambia ni maendeleo. Alinitumia video za kijana wao Colson Montgomery, mipira 21 aliyoipiga ikatoka nje ya uwanja (kwao hiyo ndiyo sifa) katika mechi 71 tu. Kijana ana mkono, sibishi. Nilimwandikia swali moja: Boston wakipiga simu tena, nani anapokea?

Alama mbili za bluu zimetokea. Jibu bado.