Raia wa dunia hulindwa na nani?

Ibara ya 13 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu inampa kila mtu haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na haki ya kurudi katika nchi yake. Isome tena polepole. Kutoka, ruksa popote. Kuingia, kwenu tu. Ibara ya 14 inaongeza haki ya kutafuta hifadhi ugenini mtu anapoandamwa, ila hakuna mstari unaoilazimisha serikali yoyote kumpa hifadhi hiyo. Azimio lilipitishwa na Umoja wa Mataifa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, bila kura ya kupinga, nchi 8 zikijizuia kupiga kura. Waliolipitisha walikuwa wajumbe wa serikali, na hakuna mjumbe aliyetumwa kwenda kugawa funguo za mpaka wa kwao.

Dhana ya uraia wa dunia, kwamba mtu ni wa dunia nzima na si wa nchi yake tu, inakaa katika mwanya huo kati ya haki zinazotangazwa na serikali zinazoshika funguo. Watetezi wake wana hoja ngumu kuipangua: kama haki hizi ni za mtu kwa sababu tu ni mtu, inakuwaje zitegemee amezaliwa ng'ambo ipi ya mto? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba watu wa dunia wamefungamana kiasi kwamba haki ikivunjwa mahali pamoja, huhisiwa kila mahali. Kwa upande wa pili, Theresa May, akiwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 2016, aliwaambia wanachama wa chama chake kwamba anayejiona raia wa dunia si raia wa popote. Kauli ilikuwa ya kejeli, lakini swali lililomo ndani yake si la kupuuzwa. Haki hudaiwa kwa mtu: kwa hakimu, kwa polisi, kwa afisa mwenye muhuri. Dunia haina ofisi ya kupokea malalamiko.

Aliyelieleza hilo vizuri kuliko wote hakuwa mwanasiasa wa kushabikia mipaka. Hannah Arendt, mwanafikra Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, aliishi bila uraia wowote kwa zaidi ya miaka kumi. Aliona kwamba watu waliobakiwa na ubinadamu wao tu, bila nchi, ndio hasa waliokosa wa kuwatetea. Kabla ya haki zote, akasema, mtu anahitaji haki ya kuwa na haki. Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache Myanmar, wanalijua hilo kwa miili yao: sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwatupa nje ya orodha ya makabila yanayotambuliwa, na ilipofika 2017 zaidi ya watu 700,000 walifukuzwa kwa moto na risasi hadi Bangladesh.

Kuna waliojaribu kuuziba mwanya huo kwa karatasi. Garry Davis, rubani wa zamani wa ndege za mabomu za Marekani, aliukana uraia wake Paris mwaka 1948, akajitangaza raia wa dunia na baadaye akaanza kutoa pasipoti zake mwenyewe. Alikamatwa mipakani mara nyingi. Miaka 26 kabla yake, mwaka 1922, mwanadiplomasia Fridtjof Nansen wa Norway alibuni hati kwa ajili ya wakimbizi waliopoteza uraia, na hiyo ilivusha watu wengi kwa sababu serikali zaidi ya 50 zilikubali kuiheshimu. Karatasi ya Davis ilikuwa na wazo kubwa zaidi. Ya Nansen ilikuwa na saini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili, watetezi wa uraia wa dunia na wanaoukejeli. Nikiangalia mahali ambapo moyo wa uraia wa dunia umewahi kumfikisha mtesaji kizimbani, kila mara nakuta dola fulani imeazimwa mikono. Chukua kesi ya Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990 kisha akakimbilia Dakar, Senegal. Manusura wa magereza yake walimshtaki Senegal mwaka 2000, mahakama ikasema haina mamlaka. Wakageukia Ubelgiji, ambako sheria ya mwaka 1993 iliwaruhusu mahakimu kushughulikia uhalifu mkubwa hata kama ulitendeka kwingine na aliyetendewa si Mbelgiji. Ilikuwa ndoto ya uraia wa dunia iliyoandikwa kuwa sheria.

Kisha mashtaka yakaanza kuwagusa wakubwa wa Marekani kwa vita vya Ghuba vya 1991. Mwaka 2003 waziri wa ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alitishia kuzuia fedha za kujenga makao mapya ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mjini Brussels, Ubelgiji, na sheria ikapunguzwa makali mwaka huohuo. Mwenye nguvu mpishe. Kesi ya Habré ilinusurika kwa sababu uchunguzi ulishaanza na baadhi ya walalamikaji, watu wenye asili ya Chad, walikuwa na uraia wa Ubelgiji. Yaani haki ya walimwengu ilipita katika tundu la pasipoti ya nchi moja. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayoamua kesi kati ya nchi na nchi, iliiamuru Senegal imshtaki Habré au imkabidhi kwa nchi nyingine, na tarehe 30 Mei 2016 mahakama maalumu mjini Dakar, iliyoundwa kwa makubaliano na Umoja wa Afrika, ilimhukumu kifungo cha maisha.

Mfano wa pili unanipa matumaini zaidi. Abubacarr Tambadou, waziri wa sheria wa Gambia aliyewahi kufanya kazi katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa Arusha, alitembelea kambi za Warohingya Bangladesh mwaka 2018. Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo isiyopakana na Myanmar wala kudhurika na lolote lililotendeka huko, iliishtaki Myanmar kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Warohingya, katika Mahakama hiyohiyo ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Myanmar ilitetewa na Aung San Suu Kyi mwenyewe, kiongozi wake wa wakati huo na mshindi wa Nobel ya amani. Ilihoji pia Gambia inahusikaje, na Julai 2022 mahakama ikajibu: kila nchi iliyoridhia mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ina maslahi ya kutosha kushtaki.

Wenye shaka watasema hii ni mifano ya kuchagua, na hawakosei. Mwaka 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu nguvu itumike kuwalinda raia wa Libya. Miezi michache baadaye serikali ilikuwa imeangushwa na nchi ikaachwa mikononi mwa makundi yenye silaha. Hadi 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, inayoshtaki watu binafsi, haikuwa imefungua uchunguzi kamili nje ya Afrika. Lakini sheria kutumika kwa upendeleo ni hoja ya kuidai itumike kwa wote. Kiongozi anayeutumia upendeleo huo kumkinga mtesaji wa kwao anatetea cheo chake tu.

Kwa hiyo anayejiita raia wa dunia nampima kwa anachofanya katika nchi moja anayopigia kura. Mkataba wa 1961 wa kupunguza hali ya kukosa uraia haujaridhiwa hata na nusu ya nchi za dunia. Katika nchi zaidi ya 20, mama hawezi kumrithisha mtoto uraia kwa masharti sawa na baba, na mtoto ambaye baba yake hajulikani, au naye hana uraia, anaweza kuanza maisha bila nchi yoyote. Sheria hizo zilitungwa ndani ya nchi husika, na humohumo zinaweza kufutwa.