Kwanza programu ilinde kazi ya mtu

Katika michezo ya Petz, ya kufuga mbwa na paka ndani ya kompyuta, iliyoanza na Dogz mwaka 1995 na kufuatiwa na Catz mwaka 1996, mnyama mzima hujengwa kwa mipira. Katika matoleo ya 3, 4 na 5, ambayo ndiyo tunayoyarekebisha zaidi, mwili wa mbwa au paka una mipira 67 ya msingi, iliyopewa namba kuanzia sifuri hadi 66, na anayetaka kuongeza pembe, mabawa au kishungi huongeza mipira mingine kuanzia namba 67. Ukubwa wa kila mpira, rangi yake na manyoya yake, pamoja na mistari inayouunganisha na mipira mingine, vyote vimeandikwa kwa maandishi ya kawaida yaitwayo LNZ, yaliyowekwa ndani ya faili la aina ya mnyama. Faili hilo, ingawa jina lake huishia kwa dog au cat, kwa undani wake ni maktaba ya programu ya Windows, yaani DLL. Ndiyo maana waliotutangulia walilifungua kwa kihariri cha heksa, programu inayoonyesha kila baiti ya faili kama namba, na kubadilisha baiti moja baada ya nyingine, na kazi hiyo tunaiita kuheksi hadi leo.

Nimekaa na kazi hii kwa miaka mingi, na kila inapotoka programu mpya ya kuhariri LNZ, maombi ya watumiaji huwa yale yale: tupewe uwezo wa kuchora moja kwa moja juu ya mwili wa mnyama, tupewe namna rahisi ya kuchanganya aina mbili, tupewe mwonekano mzuri zaidi. Siyapingi maombi hayo. Hata hivyo naamini kwamba kabla ya kuongezewa uwezo wowote, programu hizi zinapaswa kwanza kuacha kuharibu kile ambacho mtu amekwisha kukitengeneza. Wanaoziandika hujitolea saa zao za mapumziko bila malipo yoyote, kwa hiyo saa hizo ni chache, na mahali zinapotumika kwanza pana uzito mkubwa.

Niliwahi kumtengeneza paka mwenye masikio marefu kwa majuma kadhaa, nikirekebisha mpira mmoja mmoja hadi masikio yakawa yanainama vizuri anapotembea. Jioni moja niliongeza mchoro wa ngozi, nikahifadhi, na programu niliyokuwa nikiitumia ikafunga ghafla katikati ya kuandika. Ilikuwa inaandika juu ya faili lile lile la awali, bila nakala ya akiba, na faili lililobaki lilikuwa nusu tu. Kinga ya ajali hiyo si ngumu: programu iandike kwanza faili jipya pembeni, ihakikishe kwamba limekamilika na linasomeka, kisha ndipo ilibadilishe na la zamani, huku la zamani likitunzwa kwa jina lenye tarehe. Kazi hiyo haizidi mistari michache ya msimbo, na ingeniokolea masikio yale.

Ajali ya namna hiyo angalau huonekana papo hapo. Uharibifu unaoniumiza zaidi ni ule unaopita kimya kimya. Katika enzi ya heksa, jina jipya la aina ya mnyama lililazimika kuwa na idadi sawa ya herufi na jina la zamani, kwa sababu kuongeza hata baiti moja kulisukuma kila kitu kilichofuata. Programu za kuhariri zilituondolea tatizo hilo, lakini tatizo la aina ile ile limebaki ndani ya LNZ yenyewe. Mpira wa nyongeza hauna jina. Namba yake hutokana na mahali pake katika orodha. Ukiufuta mpira wa 70, uliokuwa wa 71 unakuwa wa 70, na kila mstari na kila doa la rangi lililoelekezwa kwa namba za mbele sasa linaelekea mahali pasipo pake. Doa la shavuni linahamia mguuni. Wazoefu huikwepa hatari hii kwa kutofuta kabisa, bali kuuficha mpira katika sehemu ya LNZ inayoorodhesha mipira isiyoonyeshwa, na matokeo yake ni mafaili yaliyojaa mipira isiyo na kazi ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Kompyuta ipo kwa ajili ya hesabu kama hizi. Kihariri kinachoruhusu kufuta mpira kinapaswa kusahihisha namba zote zinazouhusu kwa wakati mmoja, na kiwe na amri ya kutendua inayozirudisha zote pamoja.

Yapo pia maelezo ya pembeni. Katika LNZ, maneno yanayofuata nukta mkato hayasomwi na mchezo. Ni maelezo ya mtu kwa mtu. Hapo ndipo muundaji huandika kwamba mipira hii ni ya kope, au kwamba mstari fulani usiguswe kwa sababu mkia utaonekana umekatika. Programu kadhaa nilizozijaribu husoma namba, huzipanga upya kwa unadhifu, kisha huandika faili lisilo na hata neno moja la maelezo hayo. Faili linafanya kazi kama kawaida, mnyama anacheza, na ujuzi wa aliyelitengeneza umefutika. Kwangu mimi huo ni uharibifu kamili, hata kama mchezo haulalamiki.

Ninaposema ulinzi, sina maana ya kumfunga mtu mikono. Baadhi ya wanyama wazuri kuliko wote niliowaona walitokana na namba ambazo hakuna mwenye akili ya kawaida angeziandika. Programu itoe onyo na imwachie mtu uamuzi. Imwambie kwamba mstari wa 212 unautaja mpira usiokuwepo, au kwamba picha ya ngozi imehifadhiwa kwa jedwali la rangi 256 lisilo la mchezo na kwamba rangi zitageuka. Kisha imruhusu aendelee akitaka.

Haja hii huonekana wazi zaidi katika Creatures, mchezo wa mwaka 1996 uliobuniwa na Steve Grand. Viumbe wake, wanaoitwa Norn, wana ubongo wa mtandao wa neva, kemia ya mwili yenye nafasi 256 za kemikali, na jeni zinazorithiwa na watoto. Kila jeni hupangiwa hatua ya umri ambayo itaanza kufanya kazi. Ukikosea katika jeni inayoamka uzeeni, kiumbe atakua, atazaa na kuwarithisha watoto wake kosa hilo kabla hujaona dalili yoyote. Kihariri cha jeni kingeweza kukuonya mapema, kwa mfano pale kipokezi, yaani sehemu ya mwili inayoitikia kemikali fulani, kinaposubiri kemikali ambayo hakuna jeni yoyote inayoitoa. Hilo nalo libaki kuwa onyo, kwa kuwa kemikali huweza pia kutoka katika chakula au kifaa kilichomo ndani ya mchezo. Maelezo ya jeni nayo hukaa katika faili la pekee linaloishia kwa gno, mbali na lile la gen lenye jeni zenyewe. Faili hilo likipotea wakati wa kunakili, unabaki na mamia ya jeni zisizo na maelezo. Programu inayojali kazi ya mtu ingehakikisha kwamba mafaili hayo mawili yanasafiri pamoja daima.

Kuhusu msimbo chanzo, ombi langu ni fupi: uwekwe wazi. Programu ambayo mwandishi wake ameacha kuishughulikia, na ambayo hakuna mwingine anayeweza kuisahihisha, hubaki na makosa yake milele.

Kwa anayetaka kupima programu yake mwenyewe, ninalo jaribio moja ambalo huchukua dakika chache. Fungua faili, usibadilishe chochote, lihifadhi kwa jina jingine, kisha linganisha mafaili hayo mawili baiti kwa baiti. Yakitofautiana, programu imegusa kitu ambacho haikuombwa kukigusa, na mwandishi wake anapaswa kujua ni kitu gani. Mimi hufanya jaribio hilo kwa kila programu ninayoipokea, na isiyofaulu naitumia kutazama tu. Sihifadhi kitu kupitia kwake.