Wanaharakati Wanakuja Wakati wa Mavuno, Wakati wa Kulima Hawapo

Kila Oktoba, Waisraeli wenye msimamo wa haki pamoja na wageni kutoka Ulaya na Marekani huingia vijiji vya Ukingo wa Magharibi kuwasaidia Wapalestina kuchuma zeituni. Sina neno nao, kazi yao ni ya maana. Kinachonisumbua ni kwamba ikifika Februari na Machi, wakati wa kulima na kung'oa magugu chini ya miti hiyohiyo, wengi wao hawaonekani. Kulima hakuna picha ya kuvutia. Lakini kesi za ardhi kule hushikwa zaidi na jembe kuliko na gunia.

Mzizi wake ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1858 ya dola ya Osmania, yaani ya Waturuki waliotawala huko zamani, ambayo Israeli bado inaitumia katika Ukingo wa Magharibi. Ardhi ya aina ya miri, yaani ile ambayo mwenyewe ni dola na mkulima ana haki ya kuitumia, isipolimwa miaka 3 mfululizo bila sababu inayokubalika, dola inaweza kuichukua. Oktoba 1979 Mahakama ya Juu ya Israeli iliamuru makazi ya walowezi wa Kiisraeli ya Elon Moreh, karibu na mji wa Nablus, yaondolewe kwenye ardhi ya watu binafsi iliyotwaliwa kwa amri ya kijeshi. Watetezi wa haki walishangilia. Serikali ikatafuta mlango mwingine: badala ya kudai usalama, ikaanza kutangaza mashamba yasiyolimwa kuwa ardhi ya dola. Tangazo likitoka, mwenye shamba ana siku 45 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kijeshi, na ni juu yake kuthibitisha kwamba alikuwa akilima.

Ushahidi mkubwa katika mabishano hayo ni picha za angani. Udongo uliotifuliwa huonekana, na vichaka huonekana pia. Kwa hiyo mwanaharakati anayefika kijijini angeanza kwa maswali makavu. Shamba hili limelimwa mwisho lini? Nani anatunza picha zenye tarehe? Stakabadhi za kodi ya ardhi ziko wapi, na zimeandikwa jina la babu au la mjukuu?

Siku ya kuchuma nayo ina ufundi wake. Mashamba yaliyo jirani na makazi ya walowezi mara nyingi hufikiwa kwa siku chache tu ambazo jeshi limezikubali, ndiyo maana mikono mingi inahitajika kwa mkupuo. Maturubai hutandazwa kwanza, matawi yakachanwa kwa mkono au kwa kichanio, majani yakapepetwa. Asiyejua hupiga matawi kwa fimbo na kuvunja machipukizi, na machipukizi hayo ndiyo yatakayozaa mwaka ujao. Zeituni zifike kinuni siku hiyohiyo au kesho yake. Zikilala kwenye magunia hupata joto, zikaanza kuchacha, na mafuta huharibika.

Ofisa akija na kutangaza kwamba hapo ni eneo la kijeshi lililofungwa, mwombe amri yenyewe: saini ya kamanda, tarehe, saa, ramani ya mipaka. Juni 2006 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jeshi lina wajibu wa kumlinda mkulima anayeshambuliwa, wala lisigeuze kumfungia shamba lake kuwa njia ya kawaida ya kumlinda. Uamuzi huo utajwe kwa utulivu.

Kubaki au kuondoka, hata hivyo, aamue mkulima. Mwisraeli akikamatwa hapo hupelekwa mahakama ya kiraia, mgeni hurudishwa kwao, na Mpalestina aliyesimama kati yao hukabili mahakama ya kijeshi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni aliyekuja kutafuta makabiliano humponza mwenyeji wake.

Wengi hutaja kijiji cha Bil'in kama ushindi. Ni kweli, ila utajwe na gharama yake. Maandamano ya kila Ijumaa dhidi ya uzio wa utenganisho, ule ambao Israeli iliujenga na ukakata mashamba ya kijiji, yalianza 2005, mawakili wakafungua kesi sambamba, na Septemba 2007 mahakama ikaamuru njia ya uzio ibadilishwe. Uzio ulihamishwa 2011. Katikati ya hapo, Aprili 2009, mwandamanaji wa kijiji hicho, Bassem Abu Rahmah, aliuawa kwa bomu la machozi lililompiga kifuani. Kijiji kilirudishiwa sehemu ya ardhi yake, si yote. Maandamano peke yake yasingefika huko, na faili la wakili peke yake pia lisingefika.

Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, wakulima wengi wamezuiwa kabisa kufika mashambani, na mahali pengine zeituni zilibaki mtini. Kuzuiwa na jeshi kunapaswa kuhesabiwa kuwa sababu inayokubalika ya kutolima, lakini atakayetakiwa kuonyesha kwamba alizuiwa ni mkulima yuleyule. Hapo mtu aliye mbali mwenye ari ana kazi asiyohitaji viza kuifanya: kumsaidia mkulima kuomba ruhusa kwa maandishi kila msimu, wa kulima na wa kuchuma, kutunza jibu la kukataliwa pamoja na tarehe yake, na kuweka nakala kwa wakili kabla simu haijapotea au kunyang'anywa.