Wazee wetu wa Ohio na Florida, semeni gari inalala wapi

Naandika hii kwa ajili ya wazee wetu, na nyie watoto wao mnaowajazia fomu, maana kitu kilekile nimekiona mara tatu sasa. Mzee amepiga kazi Columbus, Ohio, miaka 30, amestaafu, magoti hayataki tena theluji, ananunua kaapatimenti kadogo Fort Myers kule Florida, basi kila Oktoba anapakia gari anashuka mpaka Cincinnati anaikamata barabara ya 75, Kentucky, Tennessee, Georgia, kesho yake usiku yuko Florida, na kurudi ni Mei. Wamarekani watu wa hivyo wanawaita ndege wa theluji, na siku hizi na sisi tumo, na mi nafurahi kabisa kwa sababu wamehangaika vya kutosha. Tatizo ni bima ya gari. Inabaki ya Ohio, kwa anwani ya Ohio, mwaka mzima, kwa sababu ya Ohio ni nafuu kuliko ya Florida.

Baba yangu mdogo yalimkuta Februari mwaka juzi. Alikuwa anatoka pakingi ya supamaketi, pikapu ikamgonga ubavuni ikakimbia, mlango wa dereva ukaingia ndani mpaka kiti kikasogea. Akapiga simu kampuni yake ya bima akijua atajibiwa vizuri, mteja wa miaka 12 asiyewahi kuchelewa kulipa. Dada aliyepokea simu alikuwa mpole tu, akaandika kila kitu, af mwishoni akauliza, gari hii huwa inalala wapi? Baba mdogo akajibu kama ilivyo, iko hapa Fort Myers tangu tarehe 16 Oktoba. Basi hapo ndo wiki 11 za mateso zikaanza.

Wakataka bili za umeme za nyumba zote mbili. Wakataka rekodi za ile mashine ya kulipia tozo za barabarani. Af siku moja ikaja barua, ndani yake wamechapisha ukurasa wa ofisi ya kaunti unaoonyesha kwamba ameomba homestead, ile nafuu ya kodi ya nyumba ambayo Florida wanampa mtu aliyesema pale ndo makazi yake ya kudumu. Hizo kumbukumbu ziko wazi kwenye mtandao, mtu yeyote anaingia anaziona. Nilivyousoma ule ukurasa jasho lilinitoka, kwa sababu nilielewa wanachotaka kusema: kaunti umeiambia unaishi Florida, sisi umetuambia gari iko Ohio, sasa tushike lipi? Na baba mdogo hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Wenzake walimwambia fanya hivi, homestead chukua huku ule punguzo, bima acha kule ni nafuu, na Florida haina kodi ya mapato ya jimbo kwa hiyo leseni nayo ihamishie huku ukipata nafasi. Kila kipande kilionekana kizuri kivyake, hakuna aliyekaa akaviangalia vyote pamoja.

Mwishowe walilipa. Ila walimkata tofauti ya malipo ya miezi yote ile, na mkataba ulipofika mwisho hawakumuongezea tena. Wangeweza hata kuufuta mkataba wote, kwa sababu anwani gari inapolala ni moja ya vitu vikubwa wanavyotumia kupanga bei, na ukiidanganya kwenye jambo kubwa kama hilo sheria inawapa nguvu ya kusema hatukujui.

Nadhani sisi tunakosea hapa kwa sababu ya tulikotoka. Nyumbani Tanzania ukikata bima yako Mwanza ukaenda kukaa Dar miezi mitano, nani atakuuliza? Trafiki anataka kuona bima iko hai, basi. Huku kila jimbo lina sheria yake, utadhani ni nchi nyingine. Ohio ukigonga mtu bima yako ndo inamlipa, kima cha chini ni dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 50,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Florida wana mtindo mwingine, kila mtu bima yake mwenyewe ndo inaanza kumtibu, wanaiita PIP, lazima iwe ya dola 10,000, pamoja na 10,000 nyingine kwa mali ya watu. Na sasa sikilizeni vizuri hapa: gari ya mtu wa jimbo lingine ikishakuwa ndani ya Florida zaidi ya siku 90 katika siku 365, mwenye gari analazimika kuwa na hiyo PIP. Siku 90 zenyewe si lazima zifuatane, zinajumlishwa. Hesabu mwenyewe kutoka 16 Oktoba, katikati ya Januari zimeisha. Baba mdogo aligongwa Februari akiwa na mkataba wa Ohio usio na PIP, shingo ikamuuma, akasema itapita, itapita, akaenda hospitali siku ya 16. Hata angekuwa nayo isingemsaidia, maana PIP inataka uonwe na daktari ndani ya siku 14, ukichelewa hupati kitu. Wazee wetu na kuvumilia maumivu mnawajua. Tafadhali mkigongwa Florida nendeni hospitali hiyo hiyo wiki.

Kingine ni kwamba Florida madereva wengi hawalazimiki kuwa na bima ya kumtibu mtu waliyemuumiza. Yaani aliyekugonga anaweza akawa halali kabisa kisheria na asiwe na senti ya kukulipia mguu uliovunjika. Kwa hiyo ile bima ya kukukinga na dereva asiye na bima, ambayo wakala huwa anaitaja harakaharaka, mi nasema chukueni, hata kama ni kubana kwingine.

Halafu kuna hili neno letu bima kubwa, hili linatuumiza kimyakimya. Kwetu ukisema nina bima kubwa umemaliza, kugongana, wizi, moto, vyote vimo. Huku ile wanayoiita comprehensive, ambayo sisi tunaitafsiri bima kubwa, ni ya wizi, mafuriko, mvua ya mawe, mti kuanguka, moto, mnyama. Kugongana ni kipengele kingine kabisa kinalipiwa peke yake. Nimekutana na mama mmoja alikuwa na kimoja akiamini ana vyote.

Na hicho kipengele cha mafuriko ndo wenye magari mawili wanakiondoa wakati mbaya kuliko yote. Aprili wanaondoka, gari ya Florida inabaki chini ya banda, wanasema imelala tu, tukiondoe tupunguze gharama. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni mpaka 30 Novemba, yaani ni kipindi kilekile ambacho haupo! Kimbunga Ian kilipiga 28 Septemba 2022 pale pale maeneo ya Fort Myers, bahari ikapanda mpaka mitaani. Nilienda na baba mdogo mwezi uliofuata kuangalia nyumba. Kwenye gari ya jirani kulikuwa na mstari wa tope umenyooka kama umechorwa na rula, juu kidogo ya kitasa cha mlango, na mikanda ya viti ilikuwa migumu, imekauka na chumvi nyeupe. Ile gari haikuwa na hicho kipengele, na kimbunga kikishakaribia makampuni yanafunga kuuza, huwezi kupiga simu siku ile ukaongezewa.

Tena gari ikiwa na namba za Florida huruhusiwi kabisa kusitisha bima ya lazima eti kwa sababu haitembei. Unarudisha kwanza pleti namba ndo unasitisha, ukigeuza utaratibu wanakufungia leseni, na kuirudisha ni dola 150 mpaka 500.

Baba mdogo aliamua kuhamia Florida moja kwa moja kimakaratasi, leseni, namba, bima. Analipa dola 61 zaidi kwa mwezi na kwa mstaafu hizo si hela ndogo, sitaki kumdanganya mtu. Mei iliyopita kabla hajaanza safari ya kupanda kaskazini alimpigia wakala akiwa kwenye spika, mi niko jikoni namkatia vitunguu nasikia. Akasema gari itakuwa Columbus kuanzia tarehe 3 mpaka katikati ya Oktoba, anwani hii hapa. Wakala akauliza, na huko ataendesha nani? Akajibu mimi na mke wangu tu, labda na mwanangu siku za Jumamosi akienda sokoni. Wakala akasema, sawa mzee, basi nipe jina la mwanao na namba ya leseni yake tumuandike.